Kufufua Boti ya Alumini Mbali na Bahari

Anayesimama Shimo la Mungu, pale Newala, ambapo uwanda wa juu wa Makonde unakatika ghafla, huliona bonde la Ruvuma limetandaa chini hadi ng'ambo ya Msumbiji. Maji yako kule. Huku juu, kwa vizazi vingi, maji yalifuatwa bondeni na kupandishwa mlima kichwani, mpaka mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyasukuma kwa pampu katika miaka ya 1950. Hakuna gati wala karakana ya boti, na mtoto wa Newala anaweza kukua bila kugusa kasia. Hata hivyo, kwa mtu mwenye hamu ya kufufua boti kuukuu ya alumini kwa raha yake, jioni na mwisho wa juma, Newala na Masasi ni mahali pazuri kuliko panavyodhaniwa. Hewa haina chumvi ya bahari. Kiangazi ni kirefu. Mafundi wameizoea alumini kwa sababu ya masufuria. Na kutoka Masasi barabara inateremka upande mmoja hadi Mtwara na Lindi, na upande mwingine hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa hiyo boti iliyofufuliwa bara haikosi pa kuelea.

Tena historia ya vyombo vya madini katika ukanda huu imepita mlangoni mwa Masasi na Newala. Mwaka 1861, na tena 1862, David Livingstone alijaribu kuupanda Ruvuma kutoka baharini, na mara zote mbili mafungu ya mchanga na upungufu wa maji vilimrudisha. Kabla ya hapo alikuwa Zambezi na meli ndogo ya mvuke, Ma Robert, iliyoundwa Birkenhead, Uingereza, mwaka 1858 kwa mabati membamba ya feleji iliyosifiwa sana wakati ule. Haikuchukua muda mabati yakaanza kutoboka, na Desemba 1860 meli ikazama mtoni.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Miongoni mwa wamisionari waliofanya kazi hapo walikuwamo William Percival Johnson na Chauncy Maples. Masasi iliposhambuliwa mwaka 1882, Maples alihamishia kazi yake Newala. Johnson akashikilia wazo lake la meli ya kuzunguka Ziwa Nyasa, na katikati ya miaka ya 1880 meli hiyo, Charles Janson, ikaanza kazi. Maples mwenyewe, muda mfupi baada ya kuwekwa wakfu kuwa Askofu wa Likoma, alizama ziwani Septemba 1895 boti yake ilipopinduliwa na dhoruba. Meli iliyopewa jina lake iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikafunguliwa ikawa vipande 3,481, na boila lake la tani 11 likakokotwa nchi kavu na mamia ya Wangoni kabla meli haijashushwa majini mwaka 1901.

Tani 11, kwa kamba na mabega ya watu. Kwa nini basi mabaharia wa wakati ule wasingeitamani alumini? Mchemraba wa alumini una uzito wa takriban theluthi moja ya uzito wa mchemraba wa chuma wenye ukubwa uleule. Lakini alumini ilikuwa ghali mno hadi mwaka 1886, Mmarekani Charles Martin Hall na Mfaransa Paul Héroult, kila mmoja kivyake, walipogundua njia ya kuipata kwa umeme. Bei ikaporomoka. Muongo mmoja baadaye, mwaka 1896, Luteni Hourst wa jeshi la majini la Ufaransa aliteremka mto Niger kutoka Timbuktu hadi baharini kwa boti ya alumini iliyoitwa Davoust, iliyotengenezwa kwa vipande ili ibebeke. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kiwanda cha ndege cha Grumman cha Marekani kikaanza kutengeneza mitumbwi ya alumini kwa ufundi uleule wa ribiti uliotumika kwenye mabawa ya ndege. Boti nyingi za alumini zinazoonekana leo, za mita nne au tano, zenye bati la milimita moja na nusu hadi mbili, ni uzao wa ufundi huo.

Na ufundi huo ndio unaozifanya zifufuke. Boti ya mbao ikioza imeoza. Faiba ikilowa ndani ya tabaka zake, kuikausha ni kazi ya kukata tamaa. Alumini yenye miaka 40 inaweza kuwa nzima kabisa chini ya uchafu wake, mradi mwenye kuifufua aelewe jambo moja: kinachoiua boti hii mara chache huwa ni maji yenyewe. Huwa ni kitu kilichoachwa kigusane nayo.

Alumini ikikutana na hewa hujifunika papo hapo kwa utando mwembamba mgumu wa oksidi, na utando huo ukikwaruzwa hujifunga upya. Ndiyo maana sufuria haishiki kutu. Lakini alumini ikigusana na shaba au chuma palipo na unyevu, hasa wa chumvi, hapo pameundwa betri kamili: madini mawili, na maji ya kupitisha umeme kati yake. Katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Dalili yake ni unga mweupe, na chini ya unga huo vishimo.

Ushahidi wa wazi ulionekana mwaka 1895 kwa jahazi la mashindano la Defender la Marekani. Waundaji, ili kupunguza uzito, waliliundia mbavu za feleji, ubavu wa chini ya maji wa shaba nyeusi, na ubavu wa juu wa alumini. Lilishinda Kombe la Amerika mwaka huohuo. Likaanza kujila lenyewe mara moja, na mwaka 1901 likavunjwa.

Anayefufua boti Masasi ana Defender zake ndogondogo za kuziepuka. Bolti ya chuma cha kawaida iliyochukuliwa duka la vifaa vya ujenzi. Kipande cha waya wa shaba kilichodondoka ngamani na kusahauliwa chini ya sakafu. Rangi ya kuzuia magugu na chaza yenye shaba ndani yake, inayowafaa wenye majahazi ya mbao na kuwaangamiza wenye alumini. Na hatari isiyojulikana na wengi: mbao za msonobari zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi zinazouzwa kwa ajili ya kenchi. Dawa ile ina shaba. Mbao hizo zikitumika kwa sakafu ya boti, kila zikilowa shaba huchuruzika kwenye bati, na baada ya misimu michache bati huwa kama chekecheke. Kostiki soda ya watengeneza sabuni nayo huiyeyusha alumini waziwazi, na zebaki ya wachimba dhahabu huvunja ule utando wa kinga, bati likaharibika haraka. Boti iliyowahi kubeba vitu hivyo ikaguliwe mara mbili.

Boti za alumini hapa nchini ni chache zikilinganishwa na za mbao na faiba. Zikipatikana, mara nyingi huwa zimetoka kwenye mnada, kwa mwenye hoteli aliyefunga biashara, au katika yadi ya vyuma chakavu zikisubiri kukatwa. Anayekwenda kununua asitishwe na mibonyeo wala rangi iliyobanduka. Hayo ni ya juu juu. Aangalie mkuku, yaani uti wa chini, kama umenyooka. Aangalie mataruma, zile mbavu za ndani, kama yamepasuka mahali yanapokunjwa. Akanyage sakafu na kusikiliza kama inabonyea. Ashike ubao wa tezi, pale nyuma mashine inapofungwa, auvute kwa nguvu: ukicheza, mbao ya ndani imeoza. Hilo si la kumkimbiza mnunuzi, ila ni la kumshushia bei. La kumkimbiza ni vishimo vilivyotapakaa sehemu yote ya chini, au ufa unaokatiza mkuku.

Meli ya Chauncy Maples yenyewe inafundisha hapa. Ilitumika kwa namna mbalimbali kwa karibu karne nzima, kisha ikalala Monkey Bay, Malawi. Mwaka 2009 iliundwa taasisi ya kuifufua iwe kliniki inayoelea kwenye Ziwa Nyasa. Nia ilikuwa njema na wafadhili walijitokeza, lakini mpango haukukamilika. Kama taasisi yenye wahandisi ilishindwa na chombo kikubwa, mtu wa jioni na Jumamosi achague chombo kinacholingana na uwezo wake: boti ya mita nne hivi, ambayo watu wanne wanaweza kuibeba na kuipindua bila winchi.

Kazi huanza kwa kuvua. Viti, sakafu, mazulia, nyaya, kila kilichofungwa kwa skrubu kitoke, na kila kitu kipigwe picha kabla ya kutolewa, kwa sababu miezi mitatu baadaye hakuna atakayekumbuka kipi kilikaa wapi. Chini ya sakafu mara nyingi hukutwa povu gumu la kusaidia boti ielee. Povu kuukuu hunywa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, na povu lililoshiba linaweza kuongeza makumi ya kilo kwenye boti bila mwenyewe kujua kwa nini inazama kifua. Povu hilo litolewe lote. Mchanga na tope vilivyoganda kwenye kona navyo vitoke, maana tope lenye unyevu hunyima bati hewa, na alumini isiyopata hewa haiwezi kujifunga utando wake. Kusafisha kutumie sabuni ya kawaida, maji, na brashi ya nailoni. Palipo sugu itumike brashi ya waya wa stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Brashi iliyosugua chuma cha kawaida huacha chembe zake ndani ya alumini, na kila chembe ni betri nyingine.

Sasa hufuata kipimo chenye faida kuliko vyote, na hakihitaji chombo cha kisasa. Boti huwekwa juu ya magogo au matairi, imeegemezwa vizuri urefu wake wote, kisha hutiwa maji ndani. Watu wamezoea kutafuta tundu kwa kuiweka boti majini na kuchungulia ndani. Hapa hufanywa kinyume chake. Maji hutiwa taratibu, sentimita tano, kisha kumi, isizidi hapo, kwa sababu maji ni mazito na bati lisiloegemezwa litabonyea. Halafu mtu huingia chini na chaki au kalamu ya wino mzito. Mwanzoni huwa pakavu. Baada ya dakika chache tone hujitokeza pembeni mwa kichwa cha ribiti, hujaa, hudondoka. Jingine huchungulia kwenye mstari wa kiungo, hutembea na kiungo kabla ya kuanguka mbali na lilipotokea. Kila tone huzungushiwa duara. Boti iliyoonekana nzima inaweza kuibua maduara 30, na ramani hiyo ndiyo itakayoongoza kazi yote inayofuata. Newala, ambako thamani ya ndoo ya maji inajulikana, maji hayo hayamwagwi hovyo. Yakishatumika humwagiliwa miche.

Ribiti inayovuja si lazima itolewe. Nyingi zimelegea tu kwa mtikisiko wa miaka, na huweza kukazwa upya. Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja huwa nje, ameshikilia chuma kizito chenye uso laini kikiwa kimebana kichwa cha ribiti; mwingine huwa ndani na nyundo. Anayepiga hapigi kwa hasira. Mapigo mafupi, manne au matano, na mlio hubadilika: mwanzoni mlio ni wa kopo tupu, kisha unakuwa mfupi na mzito. Mlio ukishabadilika, mkono usimame. Pigo la ziada hupasua kichwa cha ribiti au hubonyeza bati, na hapo tundu moja limekuwa mawili.

Ribiti iliyokatika au kuliwa hutolewa kwa drili, kwa kutoboa kichwa katikati bila kupanua tundu la bati. Ribiti mpya iwe ya alumini ya jamii moja na boti, na sehemu inayobaki ndani, ya kupondwa, iwe mara moja na nusu ya unene wake. Ribiti ya milimita 5 itokeze milimita 7 na nusu. Tundu likiwa limepanuka, huchukuliwa ribiti ya saizi inayofuata. Zile ribiti za bomba zinazovutwa kwa koleo, zinazotumiwa na mafundi wa madirisha, zina tundu katikati na hazifai chini ya mstari wa maji, isipokuwa zile zilizozibwa upande mmoja zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Chini ya kila kichwa hupakwa gundi ya polyurethani ya boti. Silikoni ya bafuni ikwepwe, hasa ile inayonuka siki. Harufu ile ni ya asidi, nayo hula alumini.

Kwenye nyufa ndipo wengi wanapoharibu. Mafundi wa kuchomelea wa Masasi ni hodari wa milango na mageti, lakini mashine ya vijiti inayounga geti haiwezi kuunga bati la alumini la milimita mbili. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, ilhali ule utando wake wa oksidi hauyeyuki hadi zaidi ya nyuzi 2,000. Tena haibadiliki rangi ikikaribia kuyeyuka, kama chuma kinavyofanya kuwa chekundu. Fundi hushtukia bati limeanguka miguuni. Kuiunga kunataka mashine ya TIG au MIG iliyotayarishwa kwa alumini, na gesi ya argoni. Ikikosekana, ufa huzuiwa kwa kutoboa kitundu cha milimita tatu kila ncha yake ili usiendelee kukimbia, kisha kiraka cha bati hufungwa kwa ribiti na gundi. Pembe za kiraka ziwe za mviringo, maana pembe kali ndiyo inayozaa ufa mpya.

Kiraka hicho kisitoke kwenye sufuria. Bati la sufuria za kiwandani kwa kawaida ni alumini karibu tupu, laini, inayofaa kupikia wala si kupigwa na mawimbi. Na alumini inayosubiwa na mafundi wa mitaani kutokana na vipande vya injini, rimu na makopo imechanganyika na silikoni, shaba na chuma. Kwa chungu cha wali si neno, kwa boti ni betri iliyotawanyika ndani ya bati lenyewe. Boti huundwa kwa aloi zenye magnesiamu, zinazojulikana kwa namba kama 5052 na 5083, na kipande chake hupatikana kwa kuagiza au kwa kukatwa kutoka boti nyingine iliyokufa.

Ubao wa tezi ndio unaobeba mashine na msukumo wake wote, nao karibu kila mara huwa umeoza ndani ya ganda lake la alumini. Mbao ya zamani hutolewa kwa uangalifu, hata ikitoka vipandevipande, kwa sababu ndiyo kipimo cha kuchongea mpya. Mkongo na mninga ni mbao imara zenye sifa kusini nzima, lakini ubao mmoja mpana huweza kupasuka ukilowa na kukauka. Plaiwudi ya boti, mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja, hutulia zaidi. Zipakwe epoksi mara tatu, na kingo zipakwe kuliko nyuso, kwa kuwa maji huingilia kwenye kingo. Kila tundu la bolti litobolewe kubwa kidogo, lijazwe epoksi, kisha litobolewe upya katikati, ili bolti isiguse mbao kabisa. Bolti ziwe za stenlesi, zikitenganishwa na alumini kwa washa za nailoni.

Epoksi nayo inamrudisha msomaji nyumbani. Ganda la korosho lina utomvu mkali, ule unaobabua mikono ya wanaobangua, na uzito wake hufika robo hivi ya uzito wa ganda. Utomvu huo ukisafishwa viwandani hutoa malighafi ya vigumishi vya epoksi viitwavyo fenalkamini, vinavyopendwa na waunda meli duniani kwa sababu hukauka vizuri hata penye unyevu na baridi. Kwa hiyo rangi ya kwanza ya meli fulani bandarini inaweza kuwa na asili yake kwenye maganda ya aina ileile yanayotupwa au kuchomwa Newala, Tandahimba na Masasi. Tahadhari tu: utomvu mbichi una asidi, na haupakwi kwenye alumini hata kidogo.

Rangi ndiyo inayokuja mwisho, na kwa boti ya maji baridi si ya lazima. Alumini tupu huishi miaka mingi bila kupakwa. Anayetaka kupaka akwangue kwa msasa, afute mafuta, apake praima ya epoksi saa hiyohiyo kabla utando haujanenepa, kisha rangi ya juu. Juu ya uwanda, asubuhi za ukungu, bati hulala na umande usioonekana. Kazi isianze mpaka jua liwe limelikausha. Praima kuukuu zenye kromati na rangi zenye risasi ni sumu. Zikikwanguliwa, barakoa ivaliwe na vumbi lisiachwe uwanjani wanapochezea watoto.

Mashine ya nje ina kanuni chache. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zinahitaji kubadilishwa. Impela ya mpira inayopandisha maji ya kupooza injini ibadilishwe bila mjadala, kwa sababu mpira uliokaa kavu miaka mingi hukatika dakika za kwanza za safari. Injini isiwashwe bila maji, hata kwa kujaribu tu. Mguu wake utumbukizwe kwenye pipa. Mchirizi mdogo wa maji unaotoka nyuma ndio unaothibitisha kwamba inapoa. Kabureta ifunguliwe na kusafishwa, plagi na mipira ya petroli iwe mipya. Na nyaya za umeme zote ziwe mbili mbili, chanya na hasi. Ganda la boti lisitumike kama waya wa kurudishia umeme, kama inavyofanywa kwenye magari, la sivyo umeme huo utalila bati.

Kuitunza mashine isiyotumika pia ni ufundi, na Tanzania ina mfano wake mkubwa. Mwaka 1916 wahandisi wa Kijerumani walipoamriwa kuizamisha meli ya Graf von Götzen kwenye Ziwa Tanganyika isitekwe, walizipaka mashine zake grisi nzito kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na mashine zilizokuwa zimelala chini ya maji zikafanya kazi tena.

Boti ikiwa tayari, ipelekwe wapi? Ruvuma unavutia kwa ukaribu wake, na boti ya alumini yenye chini bapa inaumudu mchanga uliomshinda Livingstone. Lakini mto huo una mamba na viboko, kina chake hubadilika kila msimu, na ni mpaka wa nchi mbili. Tangu machafuko ya Cabo Delgado, upande wa Msumbiji, yaanze mwaka 2017, ulinzi wake si jambo la mzaha. Asishushe mtu boti pale bila kuzungumza na serikali ya kijiji na vyombo vya usalama. Kwa majaribio ya kwanza, maji tulivu ya ghuba ya Mikindani yanafaa zaidi, mradi boti na mashine vioshwe kwa maji baridi vikitoka baharini.

Popote itakapokwenda, usajili na ukaguzi wa vyombo vya majini uko chini ya shirika la serikali la TASAC, na gharama yake ihesabiwe tangu mwanzo pamoja na maboya ya kujiokolea kwa kila abiria. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukara kikiwa kimezidisha watu, na zaidi ya watu 220 wakafa. Boti ndogo hupinduka kwa kosa hilohilo na kwa haraka zaidi. Idadi ya watu na nguvu ya mashine vilivyoandikwa kwenye kibao chake visizidishwe kwa kilo moja wala kwa farasi mmoja.

Kwa hesabu ya fedha tupu, boti kama hii huenda isimrudishie mwenyewe alichotumia. Kinachobaki ni chombo ambacho kila ribiti yake anaijua, na ufundi ambao mafundi vijana wa Masasi wangeweza kuufanyia biashara: kuunga alumini kwa argoni ni ujuzi unaohitajika kwenye matangi, maboksi ya malori na madirisha pia. Vyuo vya ufundi vya kusini vingefanya vyema kuuwekea mkazo. Na aliyeiona boti ya alumini ikisubiri kukatwa kwenye yadi ya vyuma chakavu, aombe ndoo chache za maji na kipande cha chaki kabla haijapandishwa kwenye mizani.